Huyu Bado, Hata Halii

Shuleni, Keroka
15 Januari 2025

Kwa dada yangu Orpah,

Duke akikupa barua hii, mshukuru. Tumepatana kwamba kila Alhamisi akileta ndizi sokoni Keroka atapita langoni saa saba, na Mzee Ogari, mlinzi wetu, atapokea na kutoa barua. Simu haturuhusiwi. Hata ningekuwa nayo, mambo haya yanataka karatasi.

Dada, umebakiza wiki sita. Mama angekuwa hai ningefunga mdomo, maana si kazi ya mtoto wa Kidato cha Tatu kumfundisha mke wa mtu. Lakini hayupo, nami sitaki uingie leba kama mtu anayeingia mtihani bila kusoma. Kwa hiyo Jumatatu, Muuguzi Jacinta alipokuja kuzungumza na chama chetu cha afya, niliketi mbele na daftari. Niliuliza maswali hadi wenzangu wakaanza kuniita Mama Mtarajiwa.

Nakuandikia niliyoyapata. Uchungu wa mimba ya kwanza ni mrefu. Unaweza kupita saa kumi na mbili, usishtuke. Usilale chali. Tembea. Ukibanwa, inama ushike meza, na mtu akusugue kiuno kwa kiganja au akukande kwa kitambaa cha maji moto. Kunywa uji kidogo kidogo. Pumua polepole. Zipo pia dawa za kupunguza maumivu, lakini hapo kengele ililia na Jacinta akalazimika kukimbilia gari lake. La mwisho nililoandika, alilosema akielekea mlangoni, nimelipigia mstari: *Kelele humaliza nguvu za mama.*

Hilo najua halitakusumbua. Uling'olewa jino ukiwa na miaka kumi na mmoja, na daktari alidhani umezimia kwa jinsi ulivyonyamaza.

Mdogo wako anayekuombea kila asubuhi,
Lavender

*

Nyacheki
22 Januari 2025

Lavi,

Barua yako imenichekesha hadi mtoto akanipiga teke. Wewe uliyekuwa ukikimbia kuku akitaga, leo unanieleza leba! Lakini nimeisoma mara tatu na nimeiweka ndani ya kitabu cha kliniki.

Mimi ni mzima. Miguu imevimba jioni tu. Mama mkwe amenikataza kubeba kikapu cha majani chai, kwa hiyo nachuma na Duke anabeba. Majirani wanamcheka, naye anawaambia, "Chekeni, lakini pisheni njia."

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata Duke. Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, tulikuwa tukimenya ndizi na akina mama. Shangazi yake Duke, Nyanchama, akanitazama tumbo akasema, "Hawa wa siku hizi hawakuonja kisu. Uchungu ukiwashika, wanapiga kelele hadi ng'ombe wanakata kamba." Wote wakacheka. Unajua wenyewe walipelekwa kutahiriwa wakiwa wadogo, na aliyelia siku ile alichekwa hadi uzeeni. Sisi Baba alikataa tusiguswe, na namshukuru. Lakini pale niliona wananitazama kana kwamba mimi ni mwanamke nusu.

Nikasimama, kisu cha ndizi mkononi, nikasema mbele yao wote, "Shangazi, siku yangu ikifika hutasikia hata kikohozi."

Mama mkwe hakusema neno. Aliendelea kumenya. Nadhani yuko upande wao.

Kwa hiyo ule mstari wako umenifaa kuliko yote. Nitumie mbinu zaidi za kunyamaza. Na hizo dawa ziache, sitaziomba. Nataka Nyanchama akose la kusema.

Dada yako,
Orpah

*

Shuleni, Keroka
29 Januari 2025

Dada shujaa,

Nilipofika pale uliposimama na kisu cha ndizi, nilipiga makofi peke yangu kwenye kitanda cha juu. Hutashindwa. Nimekaa nikafikiria mbinu, na nimepata moja ambayo ni yako kabisa.

Unapochuma chai, mkono una mwendo wake: majani mawili, chipukizi, kisha unatupa kikapuni nyuma. Uchungu ukija, funga macho ujione shambani. Vuta pumzi puani kwa jani la kwanza, ongeza kwa jani la pili, shikilia kidogo kwa chipukizi, halafu itoe ndefu kana kwamba mkono unakwenda kikapuni. Mdomo umefungwa. Mtu akikutazama adhani unachuma.

Ukihisi sauti inapanda, uma khanga. Nimejaribu mwenyewe nikiwa na maumivu ya mwezi, na hakuna aliyejua bwenini.

Dada, tutawaonyesha. Watasema wasichana wa marehemu mama yetu hawakuonja kisu na bado ni wanawake kamili.

Ninayejivunia kuwa nyuma yako,
Lavender

*

Nyacheki
5 Februari 2025

Kwa Lavender, mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Tryphosa, mama mkwe wa dada yako. Nimesoma barua zako mbili. Zilianguka kutoka kitabu cha kliniki nilipokuwa nikitafuta tarehe ya kurudi. Sikuomba ruhusa. Nisamehe kwa hilo, nami nitakusamehe kwa lile uliloandika, maana uliliandika kwa upendo.

Watu wananiita Mama Duke. Nimezoea. Lakini Duke si wa kwanza wangu.

Wa kwanza alikuwa msichana, mwaka wa 1991. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipelekwa kituo cha afya asubuhi, nikakaa kwenye benchi, nikanyamaza kama nilivyofundishwa siku ya kisu. Kando yangu alikuwa mwanamke aliyekuwa akimwita mama yake kwa sauti. Muuguzi alipita, akamchukua yule, akanitazama mimi akasema, "Huyu bado, hata halii." Akapita tena adhuhuri, akasema vilevile. Hakuwa mtu mbaya. Walikuwa wawili na sisi tulikuwa tisa. Nami nilikuwa nimeuma leso, uso wangu umetulia kama maji ya ndoo. Alipogeuka mara ya tatu mtoto alikuwa amekwisha kutoka, kitovu kimemkaba, na hakukuwa na mkono wa kumfungua.

Niliporudi nyumbani walinisifu. Nyanchama alisema, "Mwanamke ni huyu." Mikono yangu ilikuwa mitupu, na wakanisifu.

Siku ile tukimenya ndizi nilinyamaza kwa sababu koo lilikataa. Sijawahi kumwambia Orpah. Kwetu mwenye mimba haambiwi habari za mtoto aliyekufa, tunaamini tunamwitia. Nami naogopa. Lakini wewe anakusikiliza. Kila barua yako anaisoma akitabasamu, halafu anakwenda shambani na kufunga mdomo kama ulivyomwelekeza. Nimemwona.

Mwanangu, zimebaki wiki tatu. Rekebisha ulichoandika. Sababu usimwambie.

Wako katika tumaini,
Tryphosa Nyamongo

*

Shuleni, Keroka
12 Februari 2025

Mama mpendwa,

Nimesoma barua yako chooni ili nisionekane nikilia. Sina la kujitetea. Nilifundisha nisichojua.

Nilimwendea mwalimu wetu wa chama cha afya, Bwana Masese, nikamwomba anipigie simu kwa Muuguzi Jacinta. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia ni suala la uhai wa mtu. Akatoa simu. Jacinta alisikiliza, kisha akasema, "Lavender, uliandika nusu. Nilisema kelele za hofu, za kukaza koo na mabega, humaliza nguvu. Halafu nikasema: kwa hiyo guna, imba, ita, ongea, mradi koo liwe wazi. Uliondoka na nusu ya kwanza." Kengele ilikuwa imelia, Mama. Niliipenda nusu ile kwa sababu ilifanana nasi, nikafunga daftari.

Leo nimemwandikia dada. Sababu yako nimeificha kama ulivyotaka. Niombee anisikie.

Aliyekukosea,
Lavender

*

Shuleni, Keroka
12 Februari 2025

Dada Orpah,

Tafadhali keti kabla ya kusoma. Nilikosea. Si kidogo.

Usiume khanga. Usifunge mdomo. Ile pumzi ya chai endelea nayo, ni nzuri, Jacinta ameisifu. Lakini itoe kwa mdomo wazi na kwa sauti, hata kama ni mguno. Na kila uchungu ukija, mwambie muuguzi. Mwambie ulianza lini, unakuja baada ya dakika ngapi, na umekushika wapi. Yeye haoni ndani yako. Uso wako ndio dirisha lake, nawe nilikufundisha kulifunga pazia.

Kuhusu dawa, nimeuliza vizuri sasa. Kuna sindano ya kupunguza maumivu ambayo vituo vingi vinayo. Haimfanyi mama mvivu na haimdhuru mtoto ikitolewa wakati wake. Ikitolewa mtoto akiwa mlangoni, anaweza kuzaliwa na usingizi akachelewa kupumua vizuri. Ndiyo maana lazima wakupime kwanza mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani. Katika hospitali kubwa kuna hata sindano ya mgongoni inayotuliza kuanzia kiunoni kwenda chini. Ukienda kliniki wiki hii, uliza wana nini. Kuuliza si kushindwa. Na mtu akikuletea mizizi ya kuharakisha uchungu, usinywe. Hukaza tumbo kuliko mtoto anavyoweza kustahimili.

Najua uliapa mbele ya akina mama. Vunja kiapo hicho, dada. Niliyekusaidia kukishona ni mimi, na sasa nakuomba tukifumue.

Mdogo wako,
Lavender

*

Nyacheki
19 Februari 2025

Lavender,

Wiki ile nyamaza, wiki hii sema. Wewe ni mwalimu au ni redio?

Nimekuelewa. Umelala ukafikiria ukaona dada yako hataweza, sasa unanitengenezea njia ya kutokea. Nyanchama alinidharau mbele ya watu. Wewe umenidharau kwa mwandiko mzuri. Sijui lipi linauma zaidi.

Kiapo changu hakivunjwi na daftari. Kliniki wamesema mtoto amegeuka vizuri, presha ni nzuri, na kila kitu ni sawa. Sikuuliza mambo ya sindano. Nimezoea kuvumilia tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni kwangu.

Soma vitabu vyako.
Orpah

*

Langoni, Alhamisi 20 Februari 2025

Mama Tryphosa,

Duke amekubali kungoja nikiandika, amekalia mkungu wa ndizi na anaangalia saa. Dada hakunisikia. Amedhani ninamwona dhaifu. Sina neno jingine la kumfikishia, kwa sababu neno pekee lenye nguvu ni lako, na nimeahidi kulitunza.

Mama, mimi ni mtoto, na kama nakosa adabu, nikemee. Lakini nimefikiri hivi: desturi ile iliwekwa ili kumlinda mwenye mimba asiogope. Siku ile akiwa kwenye benchi na uso umetulia, itamlinda? Wewe ndiwe utakayekuwa kando yake. Mimi nitakuwa kwenye somo la Hisabati.

Nakuachia.
Lavender

*

Shuleni, Keroka
27 Februari 2025

Dada,

Leo Duke hakuja. Nimesimama langoni hadi kengele ya saa nane. Mzee Ogari ameniambia, "Msichana, hata ukitazama barabara hivyo haitakuwa fupi."

Tarehe yako ilikuwa jana. Kama bado umenikasirikia, kasirika, lakini tuma hata karatasi tupu nijue mkono umeigusa. Barua hii naiacha langoni. Atakayekwenda Nyacheki aichukue.

L.

*

Nyacheki
5 Machi 2025

Lavi wangu,

Vuta kiti. Nina mkono mmoja tu wa kuandikia, wa pili una kazi.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na nne, asubuhi, mimi nikiwa katikati ya mistari ya chai. Uchungu ulikuja kama mtu anayenikamua kiuno kutoka nyuma. Nikafanya pumzi yako ya majani mawili, mdomo nimefunga, nikaendelea kuchuma. Ukaja tena. Mama mkwe alikuwa mstari wa pili. Aliniona nimesimama na jani mkononi bila kulitupa. Akasema, "Twende," basi. Duke akaita gari la jirani.

Kituoni tulikuwa wengi. Nikaketi kwenye benchi, khanga mdomoni, uso nikautuliza. Lavi, nilikuwa hodari! Nilikuwa najipongeza. Mama mkwe alinishika mkono. Kila uchungu ulipokuja nilimfinya, na sikujua kama ninamuumiza. Msichana wa kando alikuwa akilia, "Uwiii, nisaidieni," na muuguzi akamchukua. Kisha akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Huyu bado, hata halii. Mama, atembeetembee kwanza."

Hapo mkono wa mama mkwe ukawa baridi. Nikageuka. Alikuwa amekodoa macho kana kwamba amemwona mtu aliyezikwa. Akaniinamia, akanena sikioni: "Duke si wa kwanza wangu. Wa kwanza nilimnyamazia kwenye benchi kama hili, akafa."

Maneno hayo tu. Kabla sijayaelewa, alisimama.

Unamjua Mama Duke. Katibu wa Shule ya Sabato, mwanamke anayeita kuku kwa kunong'ona. Alisimama katikati ya ukumbi ule, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe ambalo nadhani lilifika Kebirigo. Akapiga la pili. Wauguzi wawili wakatoka mbio na glavu mkononi. "Nani? Nani anajifungua?"

"Huyu!" akasema, akaninyooshea kidole. "Amekataa kulia, kwa hiyo namlilia mimi! Tumewafundisha kunyamaza, nanyi mnangoja walie. Mpimeni!"

Nilianza kucheka. Kicheko kikakutana na uchungu koo likiwa wazi, na Lavi, sauti iliyotoka sikuitambua. Ilikuwa yangu. Khanga ikaanguka chini na sikuiokota.

Wakanipima. Sentimita tano. Muuguzi akashangaa: "Umefika tano na umekaa hapo kama unangoja basi?" Nikamwambia, "Naumwa sana. Nataka sindano." Nilidhani nitaona aibu nikisema. Sikuona. Akasikiliza moyo wa mtoto, akahesabu, akasema huu ndio wakati wake hasa, akanichoma. Uchungu haukuisha, nisikudanganye. Ulisogea mbali kidogo, kama redio iliyohamishiwa chumba cha pili. Nikapata nafasi ya kupumzika katikati. Mama mkwe alinisugua kiuno hadi kiganja kikawaka. Tulitembea, tukainama, tukaguna. Alinihesabia: jani, jani, chipukizi, kikapu! Mara nyingine alikuwa akiguna zaidi yangu, hadi muuguzi akamuuliza ni nani kati yetu mwenye mimba.

Walinisikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa. Mara moja ulipungua, wakanigeuza ubavu wa kushoto, ukarudi. Saa kumi na moja jioni kichwa kilitokea, na kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo. Muuguzi alikuwa pale, Lavi. Alikuwa pale na mikono yote miwili. Alikipitisha kichwani kwa kidole kama mtu anayevua mkufu, na mtoto akalia kabla hajatoka miguu.

Ni msichana. Kilo tatu na gramu mia mbili. Anaitwa Kemunto, jina la nyanya yake Duke. Mama mkwe alimpokea, akakaa naye kitako sakafuni, akawa anamtazama anavyolia. Muuguzi alitaka kumtuliza. Akasema, "Mwache. Mwache alie."

Alhamisi ile Duke hakuja kwa sababu nyumba ilijaa wageni na ndiye aliyekuwa akipika chai. Akina mama walileta mboga za chinsaga na uji wa wimbi hadi sufuria zikatuishia. Nyanchama naye alifika. Akaketi, akanywa uji wake wote, akapangusa mdomo ndipo akasema, "Tumesikia ulilia, mke wetu."

Nilifungua mdomo, lakini mama mkwe alinitangulia. "Alilia," akasema. "Nami nililia. Na mtoto alilia. Wewe ulitaka nani anyamaze?"

Halafu akawaambia. Yote, mbele ya wote, habari ya mwaka wa tisini na moja. Alipomaliza, Nyanchama aliweka kikombe chini. Akasema polepole kwamba na yeye anaye mmoja wa benchini. Wa pili akasema anaye. Tulihesabu wanne katika chumba kimoja, Lavi, watoto wanne ambao mama zao walisifiwa.

Jumapili walikuja wasichana wawili wenye mimba ya kwanza, wakamwuliza mama mkwe kama atawasindikiza siku zao zikifika. Aliwakubalia. Nyanchama akasema naye atakwenda, maana sauti yake ni kubwa zaidi.

Ameniambia pia kwamba alikuandikia, na ulichomjibu langoni. Nisamehe ile barua yangu. Hukuniona dhaifu. Uliniona nikikaribia shimo ukapiga kelele, nami nikakuita redio.

Njoo likizo umbebe.
Orpah, mama Kemunto

*

Shuleni, Keroka
6 Machi 2025

Mama Kemunto! Mama Kemunto! Acha niliandike mara ya tatu: Mama Kemunto!

Mzee Ogari alinipa barua yako saa saba, lakini nilikuwa na zamu ya kupanga vitabu maktabani, kwa hiyo niliifungua kule, kati ya rafu, mahali ambapo hata ukipiga chafya unaandikwa. Nilipofika kwenye yowe la Mama Tryphosa nilijibana. Nilipofika kwenye kidole cha muuguzi nilishindwa. Nilipiga kelele, dada, kelele ya furaha ya koo wazi, na wanafunzi arobaini wakainua vichwa.

Mwalimu wa zamu alikuja na daftari lake la makosa. "Jina?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Kemunto. Kilo tatu na gramu mia mbili."

Lavender